Akiba ya Mshono

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Leo nimetunga uzi kwenye sindano kwa mara moja tu. Ile sindano nyembamba ya kushonea bitana. Nimekaa nikaitazama. Kisha nikauchomoa uzi, nikautunga tena, nijue kama ilikuwa bahati. Haikuwa bahati. Vidole vinapinda, vinanyooka, vinatii. Mwaka jana wakati kama huu viungo vyote vya mikono vilikuwa vimevimba na kukakamaa. Mke wangu alinifunga vifungo vya shati na kunishikia kikombe, na mimi, fundi cherehani mzima, nikawa nashinda dukani kama pambo. Ndipo daktari akaniandikia vidonge vyeupe, vidogo kuliko kifungo cha kola. Haikupita wiki mikono ikarudi. Sijui wanatia nini mle ndani. Mpaka leo, kabla sijakimeza kidonge, nakitazama kwanza kwa heshima.

Ila havitoi bure. Vimenirudishia vidole, vikanichukulia kiuno. Uso umekuwa duara. Shingo imehamia mabegani. Wateja wa zamani wanafika mlangoni, wananiangalia vizuri, kisha wananiuliza fundi yuko wapi.

Sasa habari yenyewe. Kuna hoteli mpya inafunguliwa, na meneja wake atakuja Ijumaa ya wiki ijayo kuchagua fundi wa kushona sare za wafanyakazi wote. Jengo letu lina mafundi wawili: mimi, na Milimita ambaye mlango wake unatazamana na wangu. Tulimpa jina hilo kwa sababu hupima kitambaa mara tatu, akaenda kunawa mikono, akarudi kupima tena. Mtu mwembamba, na anakula kuliko mimi. Mungu ana siri zake.

Kwetu mafundi, huendi kuomba kazi kubwa umevaa nguo ya mkono wa mwingine. Unavaa kazi yako, ndiyo barua yako. Yangu mimi ni suti ya rangi ya majivu, niliyoishona zamani vidole vikiwa vidole. Nimeijaribu leo mchana. Vifungo na matundu yake vinatazamana kwa mbali kama mashemeji waliogombana. Milimita kaniona, mlango ulikuwa wazi. Kasema jirani umenawiri. Kasema kwa adabu kabisa. Sitamsamehe.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Kliniki. Nilijiandaa. Nimevaa shati jepesi kuliko yote, nimevua viatu, nimetoa mfukoni subana, chaki, mkasi mdogo na ufunguo wa duka. Nimepanda mizani huku nimeegemeza kidole kimoja kwenye ukingo wa meza, kidogo tu, kama mtu anayewaza jambo. Mshale ukashuka vizuri. Nesi, mama yule yule anayenipima tangu nianze dawa, wala hakuinua macho. Kaniambia baba, toa mkono mezani. Nimetoa. Mshale ukapanda, ukapanda, mpaka nikaanza kuuonea huruma.

Nimeshuka nikiwa nimeduwaa. Mtu wote huyo nimempandisha mimi mwenyewe ngazi za kliniki, na wala sikushika ukuta! Mwaka jana nilikuwa nusu yake na nilibebwa. Mwili ni kitu cha ajabu. Nimeishi ndani yake miaka yote hii na bado sijui mlango wa stoo uko wapi.

Daktari kanieleza tena bila kuchoka. Dawa inaamsha njaa, inashikilia maji mwilini, inapeleka mafuta usoni na tumboni. Si uroho peke yake, kasema, na nimependa alivyosema. Nipunguze chumvi, nitembee. Damu ikionekana nzuri, yeye mwenyewe atapunguza vidonge, kidogo kidogo. Lakini nisithubutu kupunguza wala kuacha kwa akili zangu, maana mwili umeshaizoea dawa; ukinyimwa ghafla unaweza kuanguka, na vidole vitarudi kule kule vilikotoka. Karudia mara mbili. Nilisikia yote. Ila njiani kurudi niliona nimebeba neno moja tu, nalo ni kupunguza.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Lazima niandike habari za njaa hii, maana sijapata kuona kitu kama hiki. Nimekula, nimeshiba, nimenawa, nimefika mlangoni, na njaa ipo pale pale inanisubiri kama mtu tuliyeahidiana. Asubuhi nilinunua mkate wa kupeleka nyumbani. Haukufika. Nikarudi dukani kununua mwingine, nao ukafika nusu. Muuza duka kaniuliza kama tuna wageni. Nimemwambia tunaye mmoja.

Mbinu ya kwanza. Nilichukua tepu yangu kuukuu ya kupimia, nikaitundika msumarini na pasi ya umeme ikining'inia chini yake, tangu asubuhi. Tepu ikivutika, kila sentimita inarefuka, na kiuno cha anayepimwa kinapungua. Adhuhuri nimejipima. Nimepungua sentimita tatu! Nimefurahi muda wa kumaliza chai. Kisha nimevaa koti. Koti halina habari za tepu. Milimita kavuka korido, kaniwekea tepu yake mpya mezani, kasema hii haidanganyi. Nimemjibu sina haja na ukweli wa kuazima.

Mke wangu anasema kwa nini nasumbuka. Fungua mishono, uiachie suti, si nguo zako zote zina akiba? Ni kweli. Fundi aliyenifundisha kazi alinifundisha kuacha vidole viwili vya kitambaa ndani ya kila mshono, kwa kuwa mwili wa mtu haukai. Milimita huacha kidole kimoja, anasema kuacha viwili ni kutupa kitambaa. Lakini akiba ni kwa ajili ya wateja. Kuifungua suti ya majivu ni kumtangazia Milimita kwamba nimeshindwa. Ndivyo nilivyomwambia mke wangu.

Humu naweza kuandika sababu nyingine. Naogopa. Vidole vimerudi, lakini sijui kama vimerudi vyote. Mishono ya suti ile ndiyo mizuri kuliko yote niliyopata kushona, na nikiifungua halafu nisiweze kuishona tena vile, nitakuwa nimejua jambo ambalo sitaki kulijua.

Kwa hiyo mbinu ya pili. Kesho nitaanza kumeza nusu kidonge. Nusu nyingine itakwenda kwenye kopo langu la vifungo vyeupe. Nani atakwenda kutafuta dawa kwenye vifungo?

Jumapili, tarehe 10 Machi

Nusu ya jana, nusu ya leo. Hakuna kilichotokea. Daktari ni mwoga tu, kazi yake ndiyo inamfanya hivyo.

Mke wangu kanijia na suti mkononi. Anasema inanuka duka, ataianika na kuipiga pasi mwenyewe, nisiiguse mpaka Jumanne. Nimemwachia. Alasiri katoka na mfuko mkubwa, karudi mikono mitupu. Sikumwuliza. Mwenye siri yake haulizi siri za wenzake.

Milimita leo Jumapili alikuwa dukani kwake, mlango nusu umefungwa, cherehani kimya. Nimepita mara mbili nikijifanya natafuta kitu sakafuni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama, nikakwama. Ilibidi nishike kitasa cha mlango wake kuinuka. Katoka, kanisaidia, kausimamia mlango mpaka nilipoondoka. Anashona suti yake ya kunishinda nayo, najua.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Suti imerudi imepigwa pasi. Nimevaa suruali, imefunga. Nimevaa koti, nimeshika pumzi, nimefunga kifungo. Kimefunga. Nimeachia pumzi nikisubiri kusikia kifungo kikigonga ukuta wa pili. Kimetulia. Nimekaa, nimesimama, nimeinua mikono kama mtu anayekamatwa. Suti imekwenda nami kote. Nusu kidonge kwa siku tatu tu, na tumbo limeondoka! Nimejitazama kwenye kioo cha wateja. Machozi yalinitoka kidogo. Nilikuwa nimeshazoea kuwa mtu yule mwingine.

Nimekwenda kujionyesha koridoni. Milimita kaniomba nigeuke. Kaniangalia ubavuni muda mrefu, kushoto, kulia, kapitisha kidole kwenye mshono. Kasema imekaa. Neno moja tu, kisha akarudi ndani. Wivu humnyima mtu maneno.

Sasa nimefanya hesabu kama mtu mzima. Ikiwa nusu imefanya haya, kuacha kabisa kutafanya nini? Leo kidonge kizima kimekwenda kwenye kopo.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Mwandiko huu ni wa ngumi. Kalamu nimeishika kama mchi.

Jana vidole vilikuwa vizito. Nikasema ni baridi. Leo asubuhi vimegoma kabisa, vimevimba, vimejikunja, havifunguki wala havifungi. Kichwa kinazunguka, miguu haina nguvu. Nimejaribu kufunga shati. Nimejaribu tena. Mke wangu kanikuta nimekaa kitandani na kifungo kimoja kati ya viganja viwili. Kanifunga vyote, kimoja baada ya kingine, kama mwaka jana.

Kifungo cha mkono wa shati kilikuwa kimekatika. Kaenda kwenye kopo kutafuta kingine. Nimemsikia akichakura. Karudi na vifungo visivyo na matundu kiganjani.

Hakunigombeza. Kaketi. Kasema mwaka jana alikuwa akisubiri mimi nilale ndipo alie, kwa kuwa nilikuwa naomba samahani kila akinilisha. Kasema yeye aliolewa na mikono hii, kiuno hakukiangalia wakati ule na hakiangalii sasa. Kasema nikitaka kunenepa mpaka tubomoe mlango, tutabomoa, yeye ndiye atakayeshika nyundo. Nimeishi na mwanamke huyu miaka yote nikidhani namjua. Nimemwangalia kama namwona kwa mara ya kwanza.

Tumekwenda kliniki. Daktari kakasirika kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya zaidi. Kanipima presha, kanipima damu, kasema nina bahati sikuangukia barabarani. Nimerudishiwa kidonge kizima. Nesi kasimama mlangoni mpaka nimekimeza, kisha kaniambia nifungue mdomo aone.

Njiani nimejitetea. Nimemwambia mke wangu makosa ni makosa, lakini asikatae kwamba suti ilikaa. Tulipofika nyumbani kalitoa koti, kaligeuza nje ndani, kaniwekea magotini.

Mishono ya ubavuni ilikuwa imefunguliwa na kuachiwa. Vidole viwili vyote vya akiba, mpaka mwisho. Na imeshonwa tena kwa mkono, hatua ndogo sana, sawasawa, hakuna iliyoizidi nyenzake. Kila fundi ana mkono wake, na mkono haufichiki. Huu niliujua kabla sijafika kwapani. Milimita.

Mke wangu kasema ndiye aliyempelekea Jumapili. Kasema Milimita hakutaka malipo, alitaka tu nisijue.

Kwa hiyo sikupungua hata kidogo. Nilikuwa ndani ya akiba yangu mwenyewe, najisifu. Nimeitazama mishono ile mpaka macho yakaniuma. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba na anayekubeba anaweza kuwa humo humo.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Meneja kaja. Mwanamke mrefu, miwani kwenye kamba, haketi. Kasema cherehani siku hizi zinashona kila kitu, basi yeye huwapima mafundi kwa jambo moja: tundu la kifungo, kwa mkono, mbele ya macho yake.

Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kulegea tangu jana, lakini kwa sindano bado. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimejifunga bandeji kidole, niseme nimejikata na mkasi. Meneja kaniangalia, kaniuliza kama nashona kwa mkono wa kushoto. Bandeji ilikuwa kushoto. Mimi nashona kwa kulia.

Milimita kashona. Nilisimama mlangoni kwake nikimwangalia, na kwa mara ya kwanza nilimwangalia kama fundi anavyomwangalia fundi. Hapumui mpaka afunge fundo. Tundu limetoka safi, limefumba kama jicho la mtoto aliyelala. Nilijua kazi imekwenda, na ajabu ni kwamba sikukasirika. Nilichokuwa nacho ni huzuni tu, ya mikono yangu.

Kisha meneja kanigeukia. Kasema suti ile ameitazama tangu aingie. Kaomba koti. Kaligeuza ndani, kavaa miwani, kapita mshono mzima kwa ukucha. Kauliza ni nani aliyeachia mshono huu, maana hauonekani nje hata ukiambiwa upo. Nilishafungua mdomo kujibu kwamba ni mimi. Nakiri humu tu.

Milimita kawahi. Kasema kuachia nimeachia mimi, mama, lakini huwezi kuachia kisichokuwepo. Aliyeshona suti hii aliacha vidole viwili miaka hiyo yote, wakati yeye mwenyewe alikuwa mwembamba. Mimi nilikuwa nikimcheka. Jumapili niliifungua, nikakuta kitambaa kinasubiri. Sijapata kuona ndani ya koti kama ndani ya koti hili, na sitaki kuchukua kazi ambayo fundi huyu hayumo.

Nimeangalia sakafu. Kulikuwa na vipande vya uzi, nikavihesabu ili nisilie mbele ya mteja.

Meneja kafikiri. Kasema wafanyakazi wa hoteli hula hotelini, na ndani ya mwaka sare zao zote hupasuka. Anataka sare zenye akiba ya vidole viwili kila mshono. Fundi mmoja akate, mwingine ashone mpaka mikono ya mwenzake ipone. Kasaini na Milimita na mimi, wote wawili. Alipoondoka nimemwambia Milimita asante. Kaniambia jirani, umenawiri. Safari hii nimesikia vizuri.

Alhamisi, tarehe 28 Machi

Mikono imerudi! Yote. Leo nimeshona tundu la kifungo kwa mkono na Milimita kalipima, kaenda kunawa, kalipima tena, kasema sawa. Tumeunganisha meza zetu koridoni. Nakata, anashona, tunabadilishana. Saa ya kula tunakula pamoja, na bado sielewi kile chakula anakipeleka wapi.

Kliniki pia ni njema. Daktari kapunguza dawa, yeye mwenyewe, kipande kidogo sana, na atapunguza tena akiona damu inaruhusu. Kanionya unene utaondoka polepole, miezi, nisiukimbize. Nimemshukuru kwa moyo wote. Sitagusa vidonge tena, nimeapa mbele ya mke wangu na nesi, na kiapo hicho nitakishika. Mikono hii naitazama kila asubuhi kabla sijaamka, vidole vyote kumi, vikifunguka kimoja kimoja. Hakuna kitu cha ajabu zaidi katika nyumba yetu.

Siku ya kukabidhi sare inakaribia, na nimejikatia suruali mpya. Nimeikata kwa kiuno cha mwaka juzi. Nimelifikiria sana jambo hili, tena kwa utulivu. Kosa la suti ya majivu lilikuwa wapi? Lilikuwa kwenye akiba. Mwili uliona kuna nafasi ndani, ukaja kukaa. Mgeni ukimwonyesha chumba cha pili, ataleta mizigo. Suruali hii haina chumba cha pili. Mshono umepita ukingoni kabisa mwa kitambaa, mstari mmoja, unene ukija utakuta pamefungwa.

Mke wangu kaniuliza kama nimeacha akiba. Milimita naye kauliza. Nimewajibu wote wawili kwamba nimeacha vidole viwili, kama kawaida yangu. Vipande nilivyokata nimevificha kwenye kopo la vifungo.

Nimeijaribu jioni hii. Imefika mapajani. Si haba.